Raundi ya 15 Iliyozuiwa: Uamuzi wa Kona ya Joe Frazier, Manila 1975

Pambano la tatu la Muhammad Ali na Joe Frazier halikumalizwa na ngumi. Lilimalizwa na mzee wa miaka 64 aliyekuwa kwenye kona ya bondia aliyeshindwa, katika dakika moja ya mapumziko kati ya raundi ya 14 na ya 15. Mzee huyo ni Eddie Futch. Bondia wake alitaka kuendelea, yeye akakataa.

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya wanaosimama kona: makocha, wasaidizi wao, mameneja, na ndugu wa bondia wanaoruhusiwa kusogea karibu na ulingo. Niliowataja kwa majina ni watu ambao habari zao ziko hadharani tangu enzi hizo. Wasaidizi wengine, wahudumu na wanafamilia nimewaacha bila majina wala maelezo ya kuwatambulisha.

Usuli

Ali na Frazier hawakuanza wakiwa maadui. Mwaka 1967 Ali alinyang'anywa ubingwa wa uzito wa juu kwa kukataa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam, akakaa zaidi ya miaka 3 bila kupanda ulingoni. Frazier, ambaye katika kipindi hicho ndiye aliyekuja kuutwaa ubingwa, alimtetea ili arudishiwe leseni na akamsaidia fedha alipokwama. Walipokutana mara ya kwanza, tarehe 8 Machi 1971 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, hakuna kati yao aliyekuwa amewahi kushindwa katika ngumi za kulipwa. Kila mmoja alilipwa dola milioni 2.5, fedha ambayo mabondia wa wakati ule hawakuwa wameisikia. Frazier alishinda kwa pointi, na katika raundi ya 15 alimwangusha Ali chali kwa ngumi yake ya kushoto ya kuzungusha.

Mambo yalibadilika haraka baada ya hapo. Tarehe 22 Januari 1973, Kingston, Jamaika, George Foreman alimwangusha Frazier mara 6 ndani ya raundi 2 na kumvua mkanda. Mara zote 6 Frazier aliinuka. Msomaji aliweke hilo akilini, kwa sababu uamuzi wote wa Manila umekaa juu yake: huyu hakuwa mtu wa kubaki chini, wala wa kusema basi. Mwaka uliofuata, Januari 28, Ali alimshinda kwa pointi katika pambano lao la pili, raundi 12. Kisha ikaja Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, Ali akamtwanga Foreman kwa KO, yaani kumwangusha asiinuke hadi hesabu iishe, raundi ya 8 na kuurudisha ubingwa.

Kwa hiyo walipokwenda Ufilipino, Ali alikuwa bingwa mtetezi mwenye miaka 33, na Frazier mpinzani mwenye miaka 31. Kambi ya Ali iliamini Frazier amekwisha. Ali mwenyewe alizunguka akimwita sokwe, akatembea na mwanasesere wa sokwe mfukoni na kumpiga ngumi mbele ya waandishi wa habari. Kwa Frazier, mtoto wa wakulima maskini wa South Carolina, hayo hayakuwa matangazo ya biashara. Yalimwingia moyoni na hayakutoka kwa miaka mingi. Kocha anayemwandaa mtu aliyetukanwa hivyo anapaswa kujua mapema kwamba siku ya pambano mtu huyo hatajipangia kikomo.

Kuhusu Futch. Alikulia Detroit, akafanya mazoezi kwenye jimu moja na Joe Louis, aliyekuja kuwa bingwa wa uzito wa juu, na kupigana naye mazoezini ingawa yeye alikuwa wa uzito mwepesi. Tatizo la moyo lilimzuia kuingia ngumi za kulipwa, akageukia ukocha. Alikuwa msaidizi kwenye timu ya Frazier chini ya Yank Durham, na Durham alipofariki mwaka 1973 akawa kocha mkuu. Mwaka huohuo, akiwa kocha wa bondia Ken Norton, alikuwa amempangia Norton mbinu zilizomvunja Ali taya kule San Diego tarehe 31 Machi. Kwa ufupi, hakukuwa na kocha aliyemsoma Ali kumzidi yeye.

Maamuzi ya kabla ya kengele

Katika pambano la pili Ali alimshika Frazier shingoni tena na tena, akimvuta kichwa chini kila alipokaribia. Bondia anayepigana kwa kusogea ndani hawezi kufanya kazi namna hiyo, na mwamuzi wa siku ile aliliacha lipite. Futch alikwenda Manila na somo hilo. Alimpinga mwamuzi aliyependekezwa kutoka Marekani, akashikilia msimamo hadi kazi ikapewa Mfilipino, Carlos Padilla. Padilla alipoingia ulingoni hakuvumilia kabisa ule mchezo wa kushika shingo. Alikuwa akiupiga mkono wa Ali uachie.

Huo ulikuwa uamuzi mzuri kuliko yote yaliyofanywa siku zile, na ulifanyika kwenye meza ya kikao, kabla mtu hajavaa glavu. Bila huo sidhani kama raundi za katikati zingekuwa zilivyokuwa.

Jambo moja halikuwa mikononi mwa kona yoyote: saa ya pambano. Kengele ya kwanza ilipigwa karibu saa tano kasorobo asubuhi ili watazamaji wa Marekani waone usiku wao wa tarehe 30 Septemba. Ukumbi ulikuwa Araneta Coliseum, Quezon City, mji ulioungana na Manila, umejaa hadi pomoni, jua la asubuhi likichoma paa na taa za televisheni zikiwaka juu ya ulingo. Viyoyozi havikufua dafu. Mabondia wawili wa uzito wa juu walipangiwa raundi 15 ndani ya joto hilo.

Pambano lilivyokwenda

Raundi za mwanzo zilikuwa za Ali. Hakucheza wala kurukaruka. Alisimama imara na kumshindilia Frazier ngumi za kichwa akitaka kumaliza mapema. Frazier alitikisika, lakini hakuanguka.

Kuanzia takriban raundi ya 5 upepo uligeuka. Frazier alijikunja, akapita chini ya ngumi za Ali na kuanza kumpiga mwilini: mbavuni, kwenye nyonga, kwenye mikono iliyokuwa inajikinga. Ali aliegemea kamba kama alivyofanya Kinshasa, lakini Frazier hakuwa Foreman. Foreman alichoka kwa kupiga hovyo. Frazier alipiga kwa mpangilio, na kila alipokaribia alikuwa anafanya kazi. Raundi ya 6 alimfikishia Ali ngumi za kushoto za kuzungusha ambazo zingemwangusha karibu bondia yeyote mwingine wa enzi ile. Hadi raundi ya 10 Ali alirudi kwenye kigoda chake akiwa ameinamisha kichwa. Baadaye alisema kwamba pambano lile ndilo lililomfikisha karibu zaidi na kifo.

Halafu Ali akachota nguvu mahali ambapo sijui kama kuna mkufunzi anayeweza kupafundisha. Raundi ya 11 na ya 12 mikono yake ilianza tena kufika, mikono mirefu, mmoja baada ya mwingine, usoni. Uso wa Frazier ulivimba kila upande.

Hapa kuna habari ya kitabibu ambayo msomaji anaihitaji. Frazier alikuwa na mtoto wa jicho kwenye jicho la kushoto, jambo alilolieleza hadharani miaka mingi baadaye. Alikuwa amepigana sehemu kubwa ya maisha yake akitegemea jicho la kulia, na sasa jicho hilo ndilo lililokuwa linafumba kwa uvimbe. Futch alipomuuliza kwa nini anapigwa na ngumi za mkono wa kulia, Frazier alimjibu kwamba hazioni zinapokuja.

Futch akampa agizo: asimame wima zaidi anapomfuata Ali, asiendelee kujikunja na kuyumba, labda ataona vizuri. Ali aliliona badiliko hilo karibu mara moja. Raundi ya 13 ngumi yake iliitoa kinga ya meno ya Frazier mdomoni ikaruka nje ya ulingo. Raundi ya 14 ilikuwa mbaya zaidi. Frazier aliendelea kwenda mbele huku ngumi za kulia zikimpata moja kwa moja usoni, bila hata kuyumbisha kichwa, kwa sababu hakujua zinatoka wapi. Kengele ilipolia, Padilla alimwongoza kumrudisha kwenye kona yake.

Dakika moja

Futch alikuwa na sekunde 60 na mbele yake alikuwa na mambo machache ya hakika. Bondia wake haoni. Raundi mbili mfululizo amepigwa bila kujikinga, na ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Mpinzani bado ana uwezo wa kurusha ngumi. Zimebaki dakika 3 za kupigana.

Alimwambia Frazier kwamba anasimamisha pambano. Frazier alikataa, akasema anamtaka Ali, akataka kuinuka. Futch alimwekea mkono begani, akamwambia akae, yamekwisha, na kwamba hakuna atakayesahau alichokifanya siku ile. Kisha akamwita mwamuzi.

Upande wa pili Ali alikuwa hoi. Kwa masimulizi ya baadhi ya waliokuwa karibu, alikuwa ameiambia kona yake imkate glavu, yaani aache kupigana, na kocha wake Angelo Dundee hakumsikiliza. Tunachokiona kwenye picha ni kwamba alipojua ameshinda alisimama, akainua mkono, kisha miguu ikamwisha nguvu akaenda chini kwenye sakafu ya ulingo.

Matokeo

Ali alibaki na ubingwa. Kadi za majaji hadi raundi ya 14 zilimpa 66-60, 66-62 na 67-62, kwa mfumo wa wakati ule wa pointi 5 kwa mshindi wa raundi. Yaani Frazier alikuwa nyuma kwa pointi 4 kwenye kadi iliyombeba zaidi. Raundi moja haifuti pengo kama hilo. Njia pekee iliyobaki kwake ilikuwa KO, na alitakiwa aipate bila kuona.

Uhusiano wa Futch na Frazier haukuvunjika. Futch alikuwa bado kocha wake aliporudiana na Foreman Juni 1976 na kusimamishwa raundi ya 5, kisha Frazier akastaafu. Alirudi ulingoni mara moja tu, mwaka 1981. Alifariki Novemba 2011 akiwa na miaka 67. Katika miaka yote hiyo aliendelea kusema kwamba angeweza kumaliza raundi ile.

Uchambuzi

Swali ambalo kila anayeujua mchezo huu huuliza ni hili: je, kama Futch angejua kwamba Ali yuko karibu kuanguka? Nimewasikia makocha wazuri wakisema alimnyima mtu wake ubingwa wa dunia kwa sekunde chache. Nalipinga wazo hilo kwa nguvu zangu zote, na sababu yangu haihusu huruma. Inahusu namna ya kuamua.

Uamuzi hupimwa kwa yale ambayo mwamuaji angeweza kuyajua wakati anaamua. Futch hakuwa na njia ya kujua kilichosemwa kwenye kona ya pili. Alichokiona ni Ali aliyekuwa ametoka kutupa ngumi nzito dakika moja iliyopita. Hata tukikubali kwamba Ali asingeinuka, bado Futch angekuwa ameuweka ubongo wa Frazier rehani kwa jambo asilolijua. Na tusisahau upande mwingine wa hesabu: huenda Ali angeinuka. Alikuwa ameinuka kutoka kwenye raundi ya 10. Dakika 3 za Ali aliyechoka dhidi ya mtu asiyeona ni dakika 3 ambazo zinaua.

Siongezi chumvi. Futch na watu wa rika lake walikuwa wameishi na majina ya mabondia waliouawa na ngumi. Benny Paret alipigwa na Emile Griffith katika Madison Square Garden tarehe 24 Machi 1962, raundi ya 12, akafariki siku 10 baadaye. Davey Moore alishindwa na Sugar Ramos kule Los Angeles tarehe 21 Machi 1963 na kufariki siku chache tu baadaye. Wote wawili walikuwa wapiganaji wa ubingwa, wenye kona zenye uzoefu. Miaka 7 baada ya Manila ikatokea tena: Novemba 1982, Las Vegas, Duk Koo Kim wa Korea Kusini alipigana na Ray Mancini hadi raundi ya 14, akaanguka na hakupona. Baada ya kifo hicho baraza la ngumi la WBC lilipunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12, na mabaraza mengine yakafuata miaka iliyofuata. Ukiangalia ni raundi zipi Frazier na Kim walizoharibikiwa, utaona kwamba kanuni ya leo ingemtoa kila mmoja wao ulingoni akiwa bado ana miguu.

Kilichofanya uamuzi wa Futch uwezekane ni kwamba mamlaka hayakuwa na mjadala. Kona ilikuwa na msemaji mmoja. Frazier alibisha, ndiyo, lakini hakusukuma mkono ule wa begani, na hakuna msaidizi aliyejitokeza kusema apewe raundi moja zaidi. Utii wa namna hiyo haujengwi katika sekunde 60. Ulijengwa kambini, kwa kocha ambaye bondia alijua kwamba hakuwahi kumdanganya. Katika jimu zetu nyingi nimeona kona yenye watu wanne na sauti nne: kocha, meneja, kaka wa bondia, na mfadhili aliyelipia tiketi. Ikifika saa ya kusimamisha, watu hao wanatazamana. Suala la nani mwenye neno la mwisho limalizwe siku bondia anaposaini, na bondia mwenyewe aambiwe mbele ya wote.

Jambo la utendaji: Futch hakurusha taulo ulingoni, ishara ya kona kukubali kushindwa. Alimwita Padilla na kumwambia. Chini ya kanuni nyingi taulo peke yake halimalizi pambano. Mwamuzi ndiye anayelimaliza, na taulo linaweza kupita bila kuonekana. Kuwasiliana na mwamuzi uso kwa uso wakati wa mapumziko, bondia akiwa amekaa, ndiyo njia salama kuliko zote.

Sasa yaliyokosewa, kwa maana Futch hakuwa malaika.

Agizo la kumtaka Frazier asimame wima lilikuwa baya. Lilitibu dalili. Frazier hakuwa anakosa ngumi kwa sababu ya mkao wake, alikuwa anakosa jicho. Kumwinua kichwa kulimpa Ali shabaha iliyotulia, na kukamwondolea Frazier kinga pekee aliyobaki nayo, yaani ule mwendo wa kujikunja ambao mwili wake uliujua hata bila kuona. Bondia anapokuambia haoni ngumi, hilo si tatizo la mbinu tena. Kuanzia hapo kusimamisha ndiko kuwe kawaida, na kona inapaswa kuwa inatafuta sababu za kuendelea, si sababu za kusimamisha.

Kwa hiyo nadhani pambano lilipaswa kusimamishwa baada ya raundi ya 13. Kinga ya meno ilikuwa imeshatoka, jicho limeshafumba, na kocha ameshaambiwa. Raundi ya 14 haikumpa Frazier chochote isipokuwa ngumi za bure. Futch alichelewa kwa dakika 3, na namwelewa: ilikuwa ubingwa wa dunia, na mtu wake alikuwa bado anakwenda mbele. Kwenda mbele ndiko kulikowadanganya wote. Padilla naye, mwamuzi aliyefanya kazi safi kwa saa nzima, alifika mahali pa kumshika bondia na kumwonyesha njia ya kona yake bila kusimamisha pambano yeye mwenyewe. Mtu asiyeweza kukipata kigoda chake amekwisha kwa siku ile, hata kama hajaanguka.

Kona ya pili

Wengi huishia kwa Frazier wanapokichambua kisa hiki. Mimi naona nusu yake iko upande wa mshindi. Ali alipigwa Manila kuliko alivyopigwa popote, mwilini na kichwani, na kwa kuwa alishinda hakuna aliyemsimamisha. Alipigana mapambano 10 zaidi. Baada ya pambano lake na Earnie Shavers mwaka 1977, daktari wake Ferdie Pacheco aliona vipimo vya figo zake, akawaandikia wahusika kuwaonya, hakujibiwa, akaondoka kwenye timu. Mwaka 1980 Ali alichunguzwa katika kliniki ya Mayo kabla ya pambano na Larry Holmes. Taarifa ilitaja kwamba hakuweza kuigusa ncha ya pua yake kwa kidole kwa usahihi na kwamba maneno hayakumtoka vizuri. Kamisheni ya ngumi ya jimbo la Nevada ikampa leseni.

Tarehe 2 Oktoba 1980, Las Vegas, Holmes alimpiga kwa raundi 10 bila kujibiwa. Dundee aliamua kusimamisha. Drew Brown, msaidizi wa Ali wa miaka mingi, alimng'ang'ania nguo akitaka raundi moja zaidi, na Dundee akamwambia mwamuzi kwamba yeye ndiye mkuu wa kona na yeye ndiye anayesimamisha. Ni ugomvi uleule wa Manila, safari hii ukiwa umehamia ndani ya kona yenyewe, na umechelewa kwa miaka. Miezi 14 baadaye Ali alipigana tena, Nassau, Bahamas, na Trevor Berbick, akashindwa kwa pointi. Mwaka 1984 aligundulika kuwa na dalili za ugonjwa wa Parkinson.

Kona inaweza kumlinda bondia kwa raundi moja, tena pale tu anapokuwa anashindwa. Aliyeshinda baada ya kupigwa vibaya hana kona inayomsubiri Jumatatu asubuhi. Ana kamisheni tu na daktari wake. Kamisheni zinazotoa leseni ziulize kwanza alipokea ngumi ngapi za kichwa katika mapambano yake ya mwisho, kabla ya kuuliza alishinda mangapi, na ziwe na madaktari ambao barua zao zinajibiwa.